Maswali na Majibu: Kanuni anazijua zote, mbona anakosa hesabu za seti, viwango na vipimo?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko sekondari na ni mwepesi wa kukariri. Kanuni zote za seti, viwango na vipimo anazo kichwani, lakini katika jaribio la juzi amekosa maswali matatu ambayo mimi niliyaona mepesi. La kwanza: darasa lina wanafunzi 40, 25 wanasoma Fizikia, 20 wanasoma Kemia na 8 wanasoma yote mawili. Wangapi hawasomi hata somo moja kati ya hayo? Yeye alitoa 25 na 20 kwenye 40, akapata hasi 5, akafuta alama ya kutoa na kuandika 5. La pili: gari limekwenda kwa kilomita 60 kwa saa, likarudi njia ileile kwa kilomita 40 kwa saa. Wastani wa mwendokasi wa safari nzima ni upi? Akaandika 50. La tatu: tangi lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 1 linachukua lita ngapi? Akajibu 300. Kuna mwalimu wa masomo ya ziada anayeuza kijitabu cha njia za mkato, chenye orodha ya maneno ya kutambulisha swali na kanuni inayolingana na kila neno. Je, nimnunulie?

JIBU: Marahaba, ndugu mzazi. Usimnunulie. Mtoto mwenye kanuni zote kichwani ambaye bado anakosa maswali ya namna hii hana upungufu wa kanuni, na kumwongezea nyingine hakutamsaidia. Maswali uliyoyaleta yanatoka katika mada tatu, lakini kosa ni moja, nami hulikuta karibu kila ninaposahihisha: mwanafunzi anaichukua namba kutoka kwenye swali bila kujiuliza ni namba ya nini. Akishaitenga na kitu inachokihesabu au kukipima, hana tena njia ya kujua kama inafaa kujumlishwa na nyingine, kutolewa au kugawanywa, hivyo anategemea neno fulani katika swali limwamulie.

Tazama alivyofanya katika swali la seti. Aliona neno "hawasomi", akatoa. Lakini wale 25 wa Fizikia si watu walio mbali na wale 20 wa Kemia, kwa kuwa wanafunzi 8 wamo katika makundi yote mawili, na anayetoa 25 kisha 20 amewatoa hao 8 mara mbili. Idadi ya wanaosoma angalau somo moja ni 25 kujumlisha 20 kutoa 8, yaani 37, na wasiosoma lolote ni 3. Kwa mchoro wa Venn, yaani duara zinazopishana, kila moja ikiwa kundi moja, jambo hili huonekana bila kanuni yoyote, ilimradi mwanafunzi aanze kujaza katikati: 8 mahali duara mbili zinapokutana, 17 upande wa Fizikia pekee, 12 upande wa Kemia pekee, na 3 nje ya duara zote. Ukizijumlisha namba hizo nne unapata 40, na uhakiki umekamilika. Wanafunzi wengi hukosea kwa kuiandika 25 katika sehemu ya Fizikia pekee, kwa sababu hawakusoma kwamba swali limesema "wanasoma Fizikia" na halikusema "wanasoma Fizikia tu".

Kinachonisikitisha zaidi ni ile alama ya kutoa aliyoifuta. Hasi 5 lilikuwa jibu la thamani kubwa kama angelisikiliza. Ukiwa na nafasi 25 na 20, jumla 45, katika darasa la watu 40, basi ni lazima watu wasiopungua 5 wamehesabiwa mara mbili. Hivyo hata kama swali lisingetaja idadi ya wanaosoma masomo yote mawili, bado tungejua kwamba haiwezi kuwa chini ya 5 wala kuzidi 20. Hiyo ni hoja nzuri ya kihesabu, na mwanao alikuwa ameifikia kwa mkono wake mwenyewe. Aliifuta kwa sababu amefundishwa kwamba jibu hasi la idadi ya watu ni uchafu wa kusafisha, ilhali ni taarifa kwamba kuna dhana iliyowekwa isivyo, na mahali pa kuitafuta ni katika hatua iliyotangulia.

Katika swali la gari, neno lililomwongoza ni "wastani": jumlisha, gawanya kwa mbili. Utaratibu huo ungekuwa sahihi kama gari lingetumia muda sawa katika kila mwendokasi, lakini swali limesawazisha umbali, halikusawazisha muda. Chukua njia yenye urefu wa kilomita 120. Kwenda ni saa 2, kurudi ni saa 3; kilomita 240 kwa saa 5 ni kilomita 48 kwa saa. Badilisha urefu wa njia utakavyo, jibu litabaki 48, kwa kuwa gari daima linakaa muda mrefu zaidi katika ule mwendokasi mdogo, na muda huo unauvuta wastani chini. Kiwango chochote, kiwe cha mwendo, cha maji yanayotiririka au cha bei kwa kilo, kimejengwa na vitu viwili, kimoja juu na kingine chini ya mstari wa kugawanya. Wastani wake hupatikana kwa kujumlisha vya juu pamoja, kujumlisha vya chini pamoja, kisha kugawanya.

Swali la tangi ni la haraka. Ujazo ni mita za ujazo 3, na mwanao akazidisha kwa 100 kwa kuwa mita moja ina sentimita 100. Lakini mia hiyo ni ya urefu. Mita ya mraba moja ina sentimita za mraba 10,000, na mita ya ujazo moja ina sentimita za ujazo 1,000,000, kwa sababu kila upande unabadilika peke yake. Lita moja ni mchemraba wenye pande za sentimita 10. Katika mita moja mchemraba huo unaingia mara 10 kwa urefu, mara 10 kwa upana na mara 10 kwenda juu, hivyo mita ya ujazo moja ni lita 1,000, na tangi hilo linachukua lita 3,000. Kama swali lingeendelea kuuliza muda wa kulijaza kwa bomba linalotoa lita 20 kwa dakika, jibu lingekuwa dakika 150, yaani saa 2.5, na hapo wapo wengi ambao wangeandika saa mbili na dakika hamsini, kwa sababu hawakujiuliza ile nusu ni nusu ya nini.

Sasa rudi kwenye kijitabu. Orodha ya maneno ya kutambulisha swali ndiyo njia ambayo mwanao anaitumia tayari, na ndiyo iliyompa hasi 5 na 50. Hakuna neno katika lugha lenye tendo moja la hesabu. "Jumla" huweza kudai kutoa, kama unaijua jumla na sehemu moja na unatafuta nyingine. "Au" katika seti hujumuisha wale waliomo katika makundi yote mawili, wakati katika mazungumzo ya kawaida mara nyingi huwatenga. "Zaidi ya" huonekana katika maswali ya kujumlisha, ya kutoa na ya kuzidisha. Anayemfundisha mtoto kuwinda maneno anamfundisha kutosoma swali, na kwa kuwa njia hiyo hufanikiwa katika maswali mepesi ya madarasa ya chini, mtoto huiamini kwa miaka kabla haijamwangusha.

Nina neno pia kuhusu mbinu mbili ambazo sina shaka zimo katika kijitabu hicho. Ya kwanza ni pembetatu ya umbali, mwendokasi na muda, ambayo mwanafunzi huifunika kwa kidole ili aone cha kuzidisha au cha kugawanya. Pembetatu hiyo haisemi popote kwamba mwendokasi lazima uwe mmoja katika sehemu yote ya safari unayoihesabu, wala haimzuii mtu kuzidisha kilomita kwa saa na dakika. Mwanafunzi anayeandika vizio, yaani majina ya vipimo kama kilomita, saa au lita, haihitaji: kilomita ukizigawanya kwa kilomita kwa saa, kilomita zinafutana na saa inabaki, na kama kilichobaki si kizio unachokitafuta, umekosea kabla hata ya kugusa kikokotoo. Ya pili ni kuzidisha kwa kukatiza msalaba, yaani kuandika sehemu mbili zilizo sawa kisha kuzidisha ya juu ya moja kwa ya chini ya nyingine, ambako hutumiwa kana kwamba kila swali lenye namba tatu na pengo moja ni la uwiano wa moja kwa moja, ambapo kimoja kikiongezeka na kingine huongezeka. Wafanyakazi 6 wanamaliza kazi kwa siku 10. Wafanyakazi 15 wenye kasi ileile wataimaliza kwa siku ngapi? Msalaba unatoa siku 25. Nimeyaona majibu ya namna hiyo yameandikwa kwa mwandiko mzuri na kupigiwa mistari miwili, wala mwandishi hakushtuka kwamba kuongeza watu kumeirefusha kazi. Ukisema kwamba kazi yote ni siku 60 za mfanyakazi mmoja, kisha ukazigawa kwa watu 15, unapata siku 4, na kila namba njiani ina jina lake.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya alama mbili tatu za mtihani. Julai 23, 1983, ndege ya Boeing 767 ya shirika la Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa angani nchini Kanada. Vipimo vya mafuta vya ndege hiyo havikuwa vikifanya kazi, hivyo kiasi kilikadiriwa kwa kijiti kisha kwa hesabu. Safari ilihitaji kilo 22,300 za mafuta, na ndani ya matangi mlikuwa na lita 7,682. Ili kubadili lita kuwa kilo, wahusika walizidisha kwa 1.77, wakapata karibu 13,600, wakaona pungufu ni 8,700, wakaigawanya kwa 1.77 na kuongeza lita 4,917. Hesabu yote ilikwenda sawasawa, isipokuwa 1.77 ni ratili (pauni ya uzito, isiyofika nusu kilo) kwa lita, na kilo kwa lita ni takriban 0.8. Kwa kiwango sahihi zilitakiwa kuongezwa lita zaidi ya 20,000. Marubani waliishusha ndege bila injini katika uwanja wa zamani wa kijeshi huko Gimli, na watu 69 waliokuwamo wakaokoka. Waliofanya hesabu ile walijua kuzidisha na kugawanya vizuri, na mwanao naye anajua. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza ile 1.77 ni ya nini kwa nini.

Kwa hiyo mfanyie mwanao jambo ambalo halinunuliwi. Kwa wiki kadhaa, asiandike namba yoyote bila kizio chake au jina la kinachohesabiwa, katika kila mstari, si katika jibu la mwisho pekee. Asiandike "25", aandike "25 wanaosoma Fizikia, wakiwamo wale 8". Kabla hajaanza kukokotoa, akuambie kwa maneno jibu linapaswa kuwa kati ya nini na nini: wastani wa safari lazima uwe kati ya 40 na 60, na karibu zaidi na 40, idadi ya wasiosoma haiwezi kuwa hasi wala kuzidi 15, kwa kuwa 25 tayari wanasoma Fizikia. Atalalamika kwamba anachelewa, na ni kweli atachelewa mwanzoni. Mwache achelewe. Maswali matano yaliyofanywa hivi yana faida kuliko hamsini yaliyopitiwa kwa kukimbia, na kama mwalimu wake wa darasani anasahihisha kwa kuangalia jibu pekee, mwombe kwa heshima aangalie na mistari ya katikati.

Simkatai kila mwalimu wa masomo ya ziada, kwani wapo wanaofundisha kwa uadilifu. Ninaowapinga ni wale wanaowatangazia wazazi kwamba swali lolote litatatuliwa kwa sekunde kumi, wanaouza karatasi za kanuni bila masharti ya kanuni hizo, na ambao wanafunzi wao hurudi kwetu wakiwa na majibu ya haraka na hofu kubwa ya swali lolote lililoandikwa kwa sura mpya. Kabla hujamlipa yeyote kati yao, mwombe akupe kanuni moja anayoifundisha, akueleze kwa nini ni kweli, kisha akutungie swali moja ambalo kanuni hiyo haifai kutumika. Asipoweza hilo la tatu, mwondoe mwanao hapo.