Fonotipia na Caruso ni vitu viwili tofauti
Mkuu, umeuliza kama Fonotipia ndo lebo ya santuri iliyomtoa Caruso, yule mwimbaji wa opera wa Italia. Hapana aisee, Caruso alirekodia kampuni ya Gramophone pale Milano 1902, Fonotipia ikaja 1904, mji huohuo, muanzilishi Baron Frédéric d'Erlanger, jamaa wa mabenki ila na muziki alikuwa anatunga, wakawabeba waimbaji wa opera kina Bonci na Zenatello. Santuri zao nyingi zina upana wa kama sentimita 27, yaani zinazidi kidogo zile za inchi 10. Ninachowapendea, ukiiinamisha santuri kwenye mwanga, pale karibu na karatasi ya katikati unakuta tarehe ya kurekodi imechorwa kabisa, kampuni nyingi za enzi hizo hata mwaka hawakuweka! 1911 Fonotipia ikachukuliwa na kampuni ya Lindström, Wajerumani.