Mnataka kulala Hachioji wikiendi ya Tokyo? Msilipie kwanza, someni hapa

Mkuu usilipie hiyo nyumba. Nimesoma post yako mpaka pale unaposema mko wanne mnatoka Osaka Ijumaa, mnazunguka Tokyo hadi Jumapili, mmepata nyumba Hachioji, huko pembezoni magharibi mwa Tokyo, nusu ya bei ya Ueno ya mjini na ni "dakika 40 tu toka Shinjuku", nikaacha chakula mezani nikaja kuandika. Hiyo dakika 40 naijua. Mwaka juzi mwenye nyumba mwingine huko huko Hachioji alinitumia maneno hayo hayo, na mimi kwa furaha nikawaonyesha wenzangu nikawaambia tumeokoa hela.

Dakika 40 ni kweli, sibishi. Ni kweli saa 8 mchana, ukiwahi ile treni inayoruka vituo. Hakuandika kwamba usiku mwingi hiyo haipo, hakuandika kwamba toka kituoni mpaka mlangoni kwake ni dakika 25 kwa mguu maana basi la mtaani limeshalala, na hakuandika kitu ambacho nataka ukibebe hata ukisahau mengine yote: kadiri unavyolala mbali na mjini ndivyo treni yako ya mwisho inavyoondoka mapema. Wajapani wanaiita shuden, na mtu wa Tokyo anaijua ya kwake kama anavyojua namba yake ya simu.

Sisi tulikuwa wanne kama nyie. Mimi, jamaa wa Mombasa, dada mmoja wa Vietnam na kijana wa Indonesia, wote tunasoma Nagoya. Tukapanda basi la usiku Ijumaa, alfajiri tukashushwa Shinjuku. Jumamosi ilikuwa tamu sana aisee, Asakusa pale hekalu la Senso-ji kabla watu hawajajaa, Akihabara, Shibuya kuvuka ile njia panda mara tatu bila sababu yoyote, jioni tukapanda lile jengo la serikali ya mji Shinjuku, ghorofa ya 45, mita 202 juu na hulipi hata yen moja, mji una taa mpaka macho yanakoma. Halafu tukaingia Omoide Yokocho, vile vichochoro vya mishikaki ya kuku pembeni ya kituo. Na kabla mtu hajaanza kusema tulilewa, mimi nilikunywa melon soda, ile ya kijani, mbili.

Sasa kwa nini tulikaa pale kwa raha zote mpaka saa 6 usiku? Kwa sababu kuna bwana mmoja ana chaneli ya safari, nilikuwa namfuatilia tangu nikiwa Dar, kwenye video yake anasema "Tokyo treni mpaka saa 7 usiku, tulieni mfurahie". Huyu mtu sijamsamehe mpaka leo. Kwanza video yenyewe ya zamani, na Machi 2021 treni za mwisho za Tokyo zilianza kuondoka mapema zaidi, baadhi ya laini kama nusu saa hivi. Pili, na hili ndo kubwa, alikuwa anaongelea Yamanote, ile ya duara inayozunguka katikati ya mji, kwa sababu yeye alilala hoteli iliyo kwenye duara! Ukilala kwenye duara unaweza kuongea hivyo. Mtu anayetazama yuko Hachioji kilomita 40 huko magharibi, wewe unamwambia atulie. Ungemwambia basi "mimi nalala Ikebukuro" ungepungukiwa nini?

Saa 6 na dakika chache tukaingia kituoni. Shinjuku ina njia za kutokea zaidi ya 200, ukiingilia mlango usio wako unatembea chini kwa chini mpaka unachoka. Tukafika kwenye laini yetu, inaitwa Chuo, treni za rangi ya chungwa, jina ambalo Mswahili hawezi kulisahau. Treni hiyo hapo, milango wazi, watu wanajisukuma ndani, tukaruka tukaingia. Tukapongezana kabisa. Jamaa wa Mombasa akasema "mwaona, tumeiwahi."

Mkuu ile treni haikuwa inafika Hachioji. Hapa ndo watu wengi wanaumia kwa sababu hakuna anayekwambia: treni ya mwisho ya kituo chako ikishapita, laini haifungwi papo hapo, zinaendelea kuja treni nyingine za rangi ile ile kwenye jukwaa lile lile ila zinaishia njiani. Kwa Hachioji unatakiwa kuona kwenye ubao jina Takao, maana Takao iko mbele ya Hachioji. Ukiona Ome, hiyo inachepuka Tachikawa kabla ya Hachioji. Ukiona Mitaka, hiyo inakufikisha Mitaka basi. Yetu ilikuwa Mitaka, na ubao ulikuwa umeandika kwa herufi za kusomeka kabisa, hakuna hata mmoja wetu aliyeinua macho.

Tukiwa tumesinzia tunasikia "shuten, shuten", yaani kituo cha mwisho, mfanyakazi wa kituo anapita behewa hadi behewa anawaamsha watu kwa upole, wote tukashuka, taa za treni zikazimwa. Nje baridi ya Novemba, foleni ya teksi imezunguka. Teksi za Tokyo kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri zinaongeza asilimia 20, na wakati ule mita ya teksi ilianza na yen 500, halafu kila mita 255 ilikula yen 100. Mita 255 mkuu, ni kama toka kwenu mpaka dukani! Mimi nilikaa mbele nikawa natazama ile namba mpaka nikafumba macho. Tulishuka kwa yen 12,400. Nyumba yenyewe kwa usiku ule tulilipa 13,000 wote wanne, kwa hiyo ile "nusu ya bei ya Ueno" iliishia hapo hapo.

Ila hela sio iliyoniuma zaidi. Jumapili saa 4 asubuhi tulikuwa na tiketi za Ghibli Museum, makumbusho ya ile studio ya filamu za katuni. Tiketi zile hauzikuti mlangoni, zinauzwa tarehe 10 ya kila mwezi kwa ajili ya mwezi unaofuata, na zinakuwa na saa yako ya kuingia. Yule dada wa Vietnam ndo aliyeamka na kukaa kwenye kompyuta siku hiyo mpaka akapata nne, kwa sababu alikuwa amemaliza masomo, wiki ile ile anarudi kwao Hanoi moja kwa moja, na hicho ndo kitu pekee alichokiomba kwenye safari nzima. Kingine chochote alisema tuchague sisi.

Na hiyo makumbusho iko wapi? Mitaka. Dakika kama 20 kwa mguu toka pale tuliposimama kwenye foleni ya teksi. Tulilipa 12,400 kukimbia mbali na mahali tulipotakiwa kuwa asubuhi. Na Kichijoji, ambako kumejaa sehemu za karaoke za kukesha, iko kituo kimoja tu nyuma, kilomita moja na nusu, tungetembea huku tunaongea, tungekodi chumba cha karaoke hadi treni za alfajiri zianze, au hata tusipande treni kabisa, tukanawa uso tukaenda zetu makumbusho. Hakuna aliyefikiria. Wote akilini mwetu ilikuwa "nyumbani, tumelipia nyumba", tukafika saa 8 na nusu usiku, tukalala kama magogo, tunaamka saa 5 kasoro dakika 20 asubuhi. Hata tungeruka tungefika muda wetu umepita. Dada hakulalamika, hakumlaumu mtu. Zile tiketi alizichomeka ndani ya pasipoti yake na Jumatano akapanda ndege. Mimi ndo niliyechagua nyumba.

Kwa hiyo mkuu: laleni ndani ya duara la Yamanote au kwenye vituo vyake vyenyewe, Ueno, Otsuka, Sugamo, Ikebukuro, hata kama ni vitanda vya kubanana. Kama lazima Hachioji basi msiulize "treni Tokyo zinaisha saa ngapi", hilo swali halina jibu. Uliza shuden ya kituo chenu, toka kituo mtakachokuwepo, kwa siku hiyo, maana ya Jumamosi na ya katikati ya wiki sio lazima zifanane. Programu za treni za huku zina kitufe chake kabisa cha shuden, unaweka vituo viwili inakupa. Piga picha ya skrini, kila mtu awe nayo, na nusu saa kabla muwe mmesimama jukwaani mnasoma ubao. Mkiikosa, kaeni mjini mpaka alfajiri, ndani lakini, msije mkajipanga Shibuya na makopo mkononi, toka Oktoba 2024 kunywa barabarani pale ni marufuku kuanzia saa 12 jioni hadi saa 11 alfajiri.

JR Pass, ile tiketi ya kupanda treni za JR kwa siku kadhaa, achana nayo, wewe una visa ya mwanafunzi, ile ni ya wageni wa muda mfupi, na Oktoba 2023 ya siku 7 ilipanda ikafika yen 50,000.

Nitumie jina la kituo kilicho karibu na hiyo nyumba na Jumamosi jioni mtakuwa wapi, nitawaangalizia shuden yenu leo leo kabla hamjalipa.