Vitu visivyo na duka

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Nguo za mitumba na za dukani ni rahisi siku hizi. Mama wa leo ana haja gani ya kushona nyumbani?" Nimelisoma mara mbili, sindano iko mkononi. Jibu langu ni kwamba gauni la mtoto mimi sishoni. Nikipata la mtumba, mshono mzuri na zipu nzima, nitalinunua na kumshukuru Mungu. Nashona vile vitu ambavyo havina duka.

Naishi Langoni, hapa Lamu. Nina watoto wanne, na riziki ya mume wangu ni punda. Kwa wasioujua mji wetu, vichochoro vyake ni vyembamba, gari halipiti. Mchanga, simiti na mawe ya kujengea hubebwa na punda. Sasa niambieni, tandiko la punda linauzwa duka gani?

Mwaka juzi punda wetu alitoka kidonda mgongoni. Tulikuwa tukimtandika gunia lililokunjwa tu, na juu yake mzigo umefungwa kamba ya nailoni. Alitibiwa kwenye kliniki ya punda, ile iliyofunguliwa hapa Lamu na The Donkey Sanctuary ya Uingereza mwaka 1987, na kidonda kikaanza kufunga. Lakini dawa itasaidia nini ikiwa kesho mzigo unarudi palepale? Nilikaa uani nikamtazama mgongo. Uti umepanda juu kama paa, nyama iko kando. Kunja gunia utakavyo, uzito wote utaangukia kwenye ule uti.

Basi nikashona mito miwili mirefu, mmoja wa kila upande, nikaiunga kwa vipande vitatu vya kitambaa kizito na kuacha nafasi ya shubiri moja katikati. Akitandikwa, uti unabaki ndani ya ile nafasi na hakuna kinachougusa. Upande wa ngozi niliweka shuka kuukuu ya pamba, maana pamba hunywa jasho, na nailoni ikilowa husugua. Upande wa juu ni gunia. Ndani nilijaza blanketi lililochakaa, tabaka juu ya tabaka, nikapiga bandi, ule mshono mrefu wa kushikiza, kutoka juu hadi chini ili lisiteleze. Mara ya kwanza nilikuwa nimetia sufi kama ya mto wa kulalia. Ilikaa wiki moja. Jasho liliishika ikawa madonge, na donge moja chini ya mzigo wa mchanga ni sawa na jiwe. Nilifumua yote.

Kazi hii haiingii kwenye cherehani yangu. Natumia shazia, ile sindano nene ya magunia, na uzi wake, na subana ya kukinga kidole, la sivyo utajichoma mpaka mfupa. Mishono yote nimeitoa nje, mbali na ngozi. Sasa wenzake mume wangu watatu wamekuja kuniomba niwashonee, na kila punda nampima kwake, kwa sababu migongo haifanani. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini kitu hiki hakiwezi kuwa na duka.

Ndani ya nyumba pia vipo. Vitanda vyetu viwili ni vya kamba, virefu vya zamani, alivyoachiwa mume wangu na marehemu nyanya yake, na chandarua cha dukani hakiufikii ubao wa miguuni. Nilinunua vitambaa vyembamba vya mitandio, nikaongezea pindo la shubiri mbili kuzunguka chini, likaingia chini ya godoro. Nusu siku, basi. Kijana wangu wa pili, anayesoma Kurani chuoni kwa mwalimu, nimemshonea mkoba wa juzuu wenye mfuniko na mkanda mrefu, ili juzuu ikae juu kifuani isigonge magoti akikimbia. Naye hukimbia kila siku.

Mkoba wa sokoni nitaueleza vizuri, kwa sababu kila anayeniona nao huniuliza, na kwa sababu yeyote anayejua mshono mmoja wa kwenda mbele anaweza kuushona. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya, Agosti 2017, tumezoea ile mifuko ya dukani inayopasuka ukitia samaki na nazi pamoja. Chukua leso, yaani khanga. Kama ni mpya iloweke kwanza, itoe wanga na irudi kiasi chake, ndipo uikate. Kata vipande viwili vya inchi 17 kwa 19. Angalia jina la leso kabla ya mkasi! Yangu imeandikwa "Wema hauozi", na nimekata hivi kwamba maneno yote mawili yamekaa mbele ya mkoba, mazima. Jina likikatwa katikati leso imevunjiwa heshima, mimi naliona hivyo.

Weka vipande mgongo kwa mgongo, uzuri ukiwa nje, ushone pande mbili na chini, karibu na ukingo. Pindua, uzuri sasa uko ndani, ushone tena mle mle upana wa kidole kidogo. Nyuzi za ukingo zimefungiwa ndani na hazitachomoka hata ukifua mara mia. Kabla ya kupindua mara ya mwisho, zivute zile pembe mbili za chini ziwe kama pembe tatu, ushone kukatisha inchi 2 kutoka ncha. Hapo mkoba unapata kitako na unakaa chini wenyewe. Mikanda ichukue kwenye pindo la leso, inchi 4 ikunjwe tabaka nne, ibaki inchi 1 nene. Mahali inaposhikana na mkoba shona mraba, kisha msalaba ndani ya mraba. Nazi tano zinabebeka.

Na leso yenyewe ilizaliwa kwa kushonwa, jambo ambalo wengi wetu tumelisahau. Karne ya 19 wanawake wa pwani hii walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi vilivyochapwa kwenye jora, na hilo jina leso ni la Kireno, jina la kitambaa hicho. Walikata sita, wakaviunga viwili kwa vitatu, wakajifunga. Wafanyabiashara waliona ndipo wakaanza kuchapisha kipande kizima. Kwa hivyo nguo ambayo leo kila mama anayo ilianza uani kwa mtu, mikononi mwa mwanamke aliyekikosa dukani alichokitaka. Nalipenda jambo hili sana, na binti yangu nimeshamsimulia.

Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, ndiye fundi hasa. Hushona kofia za mkono, zile za vitobo vidogo vidogo, na moja humchukua miezi. Macho yamepungua, kwa hivyo binti yangu wa miaka tisa hukaa naye baada ya alasiri akimtungia sindano kumi kwa pamoja na kuzichomeka kwenye mto. Hakuna aliyemwambia akae. Ameanza mwenyewe, na juzi nimemwona akifuata tundu kwa tundu kwenye kitambaa chake, ulimi umetoka pembeni. Sindano zetu huzihifadhi ndani ya kipande cha sabuni kikavu, maana chumvi ya hewa hapa inakula chuma usiku mmoja. Cherehani nayo naipangusa na kuitia mafuta kila Ijumaa kabla sijaifunika.

Wakati naupata wapi? Baada ya chakula cha mchana, watoto wadogo wakilala, na usiku baada ya isha. Siku nyingine sipati kabisa, na kazi inangoja kapuni. Sijaona bado mama asiyekuwa na nusu saa, lakini namfahamu mama ambaye nusu saa yake imekatwa vipande vya dakika tano, na huyo namwambia aanze na bandi, maana bandi haidai uikamilishe leo.

Tandiko la wa tatu kati ya wale wenzake mume wangu liko mapajani mwangu ninapowaandikia. Upande wa kushoto umekwisha. Wa kulia umebaki kufungwa mdomo. Punda wake anapakia mchanga alfajiri.

Msomaji wa Langoni, Lamu