USIFUTE hiyo kerneli ya zamani mkuu, ndo imekushikilia

Mkuu simama hapo hapo, toa mikono kwenye kibodi. Nimesoma uzi wako wote: sava ya Ubuntu 22.04 imepiga apdeti, umeriboti ikaganda na "Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)", ukahangaika na menyu ya GRUB (ile ya kuchagua cha kuwasha mashine ikianza) ukaingia kwa kerneli ya zamani (kerneli ndo kiini cha mfumo), sasa unaona /boot, patisheni ya mafaili ya kuwashia mashine, imejaa asilimia 100, na jamaa hapo juu kakwambia piga rm (amri ya kufuta mafaili) kerneli zote za zamani ibaki mpya tu "ili sava isichanganyikiwe". Na wewe umemjibu poa, jioni nafanya. Jioni ipi ndugu yangu?

Hiyo unayoiita takataka ndo inayoendesha sava sa hivi unavyosoma hapa. Ndo pekee uliyohakikisha inawaka! Ukiifuta hutaona chochote, sava itaendelea kudunda kama kawaida kwa sababu kerneli tayari iko kwenye ramu, utajiona fundi kabisa, mpaka siku ukiriboti au umeme ukikatika.

Mimi huu ushauri niliuingia kichwa kichwa. Sava ya kiofisi cha mikopo, iko Morogoro, mimi niko Dar naingia kwa SSH (kwa mbali, maandishi tu), haina namna yoyote ya kuiona skrini kwa mbali. /boot imejaa, apt (inayoweka na kutoa programu) inalia, nikauliza kwenye grupu la WhatsApp. Akajitokeza mtaalamu mmoja, wale wa picha ya profaili kasimama mbele ya raki za sava ambazo sio zake, akaandika kwa kujiamini kabisa "futa vmlinuz na initrd zote za zamani kwa rm, mimi nafanya hivyo kila siku" (vmlinuz ndo kerneli yenyewe, initrd ni faili la dereva na zana za kuisaidia kuwaka). Kila siku! Sava gani hiyo inayojaza /boot kila siku? Lakini nilikuwa na haraka, nikafuta, nikariboti, nikakaa nasubiri ping irudi, yaani sava ijibu kuwa iko hewani. Ping haikurudi. Nikampigia, simu inaita haipokelewi, na kwenye grupu namuona yuko onlaini anatuma vichekesho.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana ndo kitakachokukuta na wewe. Kerneli mpya inakuja na vmlinuz, hako ni kafaili kadogo, MB kumi na kidogo, kanaingia hata kwenye nafasi finyu. Initrd yenyewe haidaunlodiwi, inatengenezwa hapo hapo kwenye mashine yako, na kwa 22.04 inaweza kupita MB 100. Nafasi ikiwa haipo inakufa njiani, apt inaandika "No space left on device" katikati ya mistari mia ambayo hakuna mtu anayeisoma (mimi nilikuwa naangalia mpira). Menyu ya GRUB inaweza kuiweka kerneli mpya juu kabisa bila initrd yake. Ikiwaka haina dereva na zana za kuifungua LVM (mfumo wa kugawa diski), haiioni root, yaani patisheni kuu ya mfumo, ndo maana ya hiyo (0,0). DISKI YAKO NI NZIMA. Namjua mtu alienda kununua diski mpya kwa huo ujumbe, na muuzaji akamuuzia bila kumuuliza swali.

Na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba baada ya kufuta zile za zamani nafasi nilikuwa nayo tele. Ningepiga update-initramfs (amri ya kutengeneza initrd) kabla ya kuriboti sava ingewaka na huyu mtaalamu ningemuona malaika. Nimefuta inayowaka, nikabaki na isiyo na initrd, halafu nikariboti mwenyewe kwa mikono yangu. Apt angalau ina utu, ukitaka kuitoa kerneli inayotumika inakusimamisha na skrini nzima inakuuliza una uhakika? Rm haina undugu na mtu.

Nikapanda basi na flashi mfukoni. Nafika, chumba kimefungwa, ufunguo anao mhasibu, mhasibu yuko msibani. Nimekaa kwenye benchi nje wateja wananiuliza kama na mimi nimekuja kukopa. Tumefungua jioni, nimewasha kwa flashi, vgchange -ay kuiamsha LVM, nikamaunti root kwenye /mnt, nikabaindi dev, proc na sys, chroot kuingia ndani ya mfumo wa kwenye diski, update-initramfs, safi haina hata kosa moja, nikariboti kwa mbwembwe mbele ya meneja. Panic ile ile. Kumbe sikumaunti patisheni ya /boot kwenye /mnt/boot, kwa hiyo initrd imeandikwa kwenye folda tupu ndani ya root, GRUB haina habari nayo. Meneja akauliza "ndo imepona?" Nikamwambia inajitafuta.

Haya, wewe hujafika huko, bado una bahati. Anza na uname -r, inaonyesha kerneli inayotumika sa hivi, namba utakayoiona hiyo HAIGUSWI. Kisha ls -lh /boot, angalia kila vmlinuz kama ina initrd ya namba ile ile, nabet ya mpya haina. Halafu sudo apt autoremove --purge, yenyewe inajua kuiacha inayotumika na iliyo mpya zaidi, inatoa nyingine zisizohitajika. Ikigoma kwa sababu inataka kwanza imalizie ile iliyokwama, na ile haiwezi kumalizika kwa sababu hakuna nafasi, chagua kerneli MOJA nyingine, sio ya uname wala ile mpya, na utoe kwa dpkg --purge ukitaja linux-image, linux-modules na linux-modules-extra za namba hiyo kwa pamoja. Ikipatikana nafasi piga sudo dpkg --configure -a, halafu update-initramfs -c -k na namba ya kerneli mpya, halafu update-grub iandike upya menyu. Rudia ls -lh /boot. Initrd ya mpya kama haipo au ina MB mbili tatu, usiriboti.

Na kama sava iko mbali, weka GRUB_DEFAULT=saved na panic=10 kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX ndani ya /etc/default/grub, update-grub tena, kisha grub-set-default kwa ile ya zamani na grub-reboot kwa mpya. Hapo mpya inajaribiwa mara moja tu, ikipaniki inakaa sekunde kumi inajiriboti yenyewe na kurudi kwa ya zamani, wewe umekaa kwako unakunywa chai. Hii hakuna aliyeniambia, nimeikuta mwenyewe kwenye manyuali nikiwa nimeshachoka.

Ya zamani inatoka siku ambayo mpya imewaka na umeiona kwa macho yako kwenye uname -r. Sio kabla, hata aje nani na picha ya raki gani.

Uliuliza pia habari ya kuzuia apdeti zisijiweke zenyewe na kuhamia Debian sijui, sikusoma vizuri huko chini, nilipofika kwenye rm nikaruka kuja kujibu, wengine watakusaidia. Wewe tupia hapa ls -lh /boot na uname -r tuone kwanza kabla ya hiyo jioni yako.