Tundu halizibiki: tulivyoandika programu kwa kadi, utepe na penseli

Mkuu, umeuliza mambo mawili: sisi tulioanza zamani tuliwezaje kuandika programu bila skrini, na je, kulikuwa na faida yoyote au yalikuwa mateso matupu? Nitajibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono yangu.

Nilianza 1978, kwa FORTRAN, lugha ya kuandikia programu, na kadi za matundu, yaani kadi za karatasi ngumu ambazo kompyuta ilisoma kwa matundu yake. Kadi moja ilibeba mstari mmoja wa programu. Ilikuwa na safu 80 za kusimama na mistari 12 ya kulala. Tarakimu ilikuwa tundu moja katika safu yake, herufi matundu mawili. Tulizitoboa kwa mashine ya IBM 029, kubwa kama dawati, yenye kibodi mbele na sauti ya kugonga inayosikika hadi chumba cha pili. Uzuri wake ni kwamba ilichapa pia herufi yenyewe kwenye ukingo wa juu wa kadi, kwa hiyo uliweza kuisoma kwa macho.

Safu zote 80 hazikuwa zako. Herufi C katika safu ya 1 ilimaanisha mstari huo ni maelezo tu. Safu za 1 hadi 5 zilikuwa za namba ya amri, ya 6 ilionyesha kwamba kadi hii inaendeleza iliyotangulia, na amri yenyewe ilikaa kati ya safu ya 7 na ya 72. Kuanzia 73 hadi 80 kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi yako kuwa amri za mashine, haikuangalia kabisa. Ukipitiliza 72 kwa herufi moja, herufi hiyo ilipotea kimya kimya, na wakati mwingine amri iliyobaki ilikuwa bado halali, ila ina maana nyingine. Mpaka huo ulitokana na IBM 704, kompyuta ambayo FORTRAN ilitolewa kwa ajili yake mwaka 1957. Kisoma kadi chake kilipokea safu 72 tu, kwa sababu kila mstari wa kadi uliingia kama maneno mawili ya biti 36 (biti ni 0 au 1, na neno ni kundi la biti ambalo mashine hulishika kwa mara moja). Neno moja la biti 36 lilitosha herufi 6, na ndiyo maana majina katika FORTRAN hayakuruhusiwa kuzidi herufi 6. Kumbuka hilo, nitalirudia chini.

Ukikosea herufi kwenye kadi hakuna kufuta. Tundu halizibiki. Ulichofanya ni kuweka kadi mbovu kwenye kituo cha kusomea cha ile 029, kadi mpya kwenye kituo cha kutobolea, halafu unashikilia kitufe cha DUP. Mashine inanakili safu baada ya safu mpaka unapokaribia kosa. Unaachia, unaandika herufi sahihi, unashikilia tena hadi mwisho. Kadi mbovu inakwenda kwenye pipa. Mwanzoni nilifanya hivyo mara nyingi mno kwa siku. Baadaye mkono ulijifunza kwenda polepole.

Kisha unazifunga kadi kwa mpira, unazipeleka dirishani kwa opereta, unaondoka. Majibu ni kesho yake: kadi zako zimerudi na karatasi ndefu imezifunika. Kama ulisahau mkato mmoja, karatasi inakuambia umesahau mkato, na siku imekwisha.

Kuhusu kuangusha kadi, naam, iliwahi kunitokea. Programu yangu ilikuwa na kadi kama 400, bunda la unene wa sentimita 7 hivi, na mpira ulikatika ngazini. Wakati ule sikujua kazi ya zile safu za 73 hadi 80. Wenzangu wenye uzoefu walitoboa humo namba za mfuatano, na zikimwagika walizipeleka kwenye mashine ya kupangia, IBM 083, iliyopitisha kadi 1,000 kwa dakika. Ilipanga kwa safu moja tu kila mzunguko, kwa hiyo unaanza na tarakimu ya mwisho, unazikusanya, unazipitisha tena kwa tarakimu ya pili kutoka mwisho, hivyo hivyo hadi ya kwanza. Wanaosoma mbinu za kupanga data siku hizi watautambua mtindo huo mara moja. Mimi sikuwa na namba hata moja. Nilikaa sakafuni na karatasi ya majibu ya jana yake, nikazipanga kwa macho kwa muda wa saa mbili. Tangu siku hiyo nilipiga mstari wa mshazari kwa kalamu nene juu ya ubavu wa bunda, kutoka kona hadi kona, ili kadi iliyo mahali pasipo pake ionekane kama jino lililotoka nje. Na namba nikatoboa, kwa kuruka kumi kumi, ili ya kuongeza ipate nafasi.

Sasa nikueleze kosa lililonifundisha kazi kuliko mwalimu yeyote. Nilipewa zoezi la kutafuta wastani wa alama. Nikaandika kwa majina ya Kiswahili: JUMLA, IDADI, na WASTAN, kwa sababu WASTANI ina herufi 7 na haikuruhusiwa. Amri ilikuwa hii:

WASTAN = JUMLA / IDADI

Kompaila haikulalamika. Programu ilikwenda hadi mwisho. Alama zilikuwa 15, 22, 9 na 16. Jumla 62, idadi 4, wastani 15.5. Karatasi ilisema 15.0. Nikadhani nimekosea kutoboa data, nikarudisha. Kesho yake, 15.0. Nikabadilisha amri ya kuchapa. Kesho yake tena, 15.0. Siku tatu zimekwenda.

Opereta mmoja wa dirishani, mtu mkimya, akaniuliza kama nimeikagua mezani. Sikujua anachosema. Akachukua karatasi tupu, akachora safu tatu kwa penseli, akaandika juu yake majina yangu matatu, akaniambia niwe mashine: nisome kadi ya kwanza, niandike thamani, nisome ya pili, nikate ya zamani niandike mpya, nisiruke chochote na nisidhani chochote. Mpaka nafika kwenye kugawanya akanizuia akaniuliza: JUMLA ni namba ya aina gani? Nikasema namba. Akasema, ya aina gani? Katika FORTRAN ya wakati ule, jina ambalo hukulitangaza lilipewa aina kutokana na herufi yake ya kwanza. Likianza na I, J, K, L, M au N, ni namba kamili. Likianza na nyingine, ni namba yenye desimali. JUMLA inaanza na J. IDADI inaanza na I. Namba kamili kugawanywa kwa namba kamili hutoa namba kamili, na 62 kwa 4 ikawa 15, kile kilichobaki kikatupwa kabla WASTAN haijaguswa. Mtu aliyeandika kwa Kiingereza akaita jumla yake SUM asingelipata kosa hilo. Lugha yangu mwenyewe ilinipeleka kwenye J. Dawa ilikuwa kadi moja tu juu ya programu: REAL JUMLA.

Tangu hapo sikupeleka bunda dirishani bila kulikagua mezani. Si kwa sababu nilikuwa na bidii kuliko wengine. Kompyuta ilinipa nafasi moja kwa siku, basi makosa niliyoweza kuyapata kwa penseli ilikuwa hasara kuyaachia mashine.

Utepe wa karatasi niliutumia kwa muda mfupi, kwenye Teletype Model 33, taipureta ya umeme iliyosoma na kutoboa herufi 10 kwa sekunde. Programu ya baiti 4,096, yaani herufi 4,096 za utepe, ilichukua karibu dakika 7 kuingia, nawe umesimama pembeni ukiuongoza utepe usijikunje. Hapa ndipo nilipoelewa kwamba tundu halizibiki lakini linaweza kuongezewa jirani. Herufi katika ASCII, mfumo wa kuipa kila herufi namba yake, ni biti 7, yaani nafasi 7 za kutobolewa. Ukikosea, unarudisha utepe nyuma hatua moja na kutoboa nafasi zote saba. Kompyuta inayopokea ikikuta saba zimejaa inaruka. Matundu saba yote ni namba 127, na hiyo ndiyo herufi ya DEL, yaani ya kufuta, mpaka leo. Angalia jedwali la ASCII: herufi za uendeshaji zote zimekaa mwanzoni, 0 hadi 31, isipokuwa DEL peke yake iliyoko mwisho kabisa. Iliwekwa huko kwa ajili ya utepe.

Mwaka 1983 nikahamia kwenye kompyuta ndogo zenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Z80. Hapo skrini ilikuwepo, lakini asembla, programu ya kugeuza maneno ya amri kuwa namba za mashine, hatukuwa nayo. Tuliandika amri kwa maneno upande wa kushoto wa daftari, tukatafuta namba zake za mfumo wa kumi na sita (tarakimu 0 hadi 9, kisha A hadi F) kwenye jedwali, tukaziandika upande wa kulia. Weka 5 kwenye A, kijisanduku cha ndani ya prosesa: 3E 05. Weka 3 kwenye B: 06 03. Jumlisha: 80. Rudi: C9. Baada ya miezi michache nyingi zilikaa kichwani bila jedwali. Kigumu kilikuwa miruko ya karibu, yaani amri za kuipeleka programu mbele au nyuma kidogo. Umbali unahesabiwa kuanzia amri inayofuata, si ile uliyopo, kwa hiyo 18 FE (18 ni ruka, FE ni baiti mbili nyuma, sawa na urefu wa amri yenyewe) inarudi pale pale na mashine inazunguka milele. Nimeihesabu vibaya mara nyingi. Na ukiingiza amri moja katikati, anwani zote za chini yake zinasogea. Kwa hiyo tuliacha nafasi: baiti kadhaa za 00, ambayo kwa Z80 ni amri ya kutofanya kitu. Mantiki ni ileile ya mistari ya lugha ya BASIC kupewa namba 10, 20, 30.

Kazi iliyokamilika tuliichoma kwenye EPROM, chipu ya kumbukumbu inayofutika. Ile ya aina ya 2716 ilikuwa na baiti 2,048 na kidirisha cha kioo mgongoni. Kuifuta ilikuwa kuiweka chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno kwa dakika 15 au 20, kisha unakibandika kidirisha kwa karatasi ili mwanga usiiharibu. Ikifutwa, kila baiti inakuwa FF, biti zote ni 1. Kuchoma kunaweza tu kugeuza 1 kuwa 0, kamwe si kinyume. Umeona? Ni kadi ile ile, ni utepe ule ule. Na kama amri fulani ilikuwa ya ziada, hukuhitaji kufuta chipu nzima: unachoma 00 juu yake, kwa kuwa namba yoyote inaweza kushushwa hadi 00, na Z80 inapita bila kufanya kitu. Nilipoligundua hilo nilikumbuka Teletype na matundu yake saba, na nilifurahi kwa siku nzima.

Kaseti za sauti, ambazo pia tulihifadhia programu, sina mengi ya kusema juu yake. Unapandisha sauti, unashusha sauti, unageuza skrubu ndogo ya kichwa cha kusomea mpaka mlio uwe mkali, unasubiri dakika tano, na mwisho inakataa. Hiyo kweli ilikuwa mateso matupu, na diski za flopi zilipofika sikuikumbuka hata siku moja.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili: kusubiri hakukuwa na faida. Siku tatu za 15.0 ningezirudisha leo kama ningeweza. Chenye faida ni ile karatasi ya safu tatu, na hiyo haihitaji kadi wala Z80. Programu ikikushinda, funga skrini, chora jedwali la majina yako, uwe mashine kwa mistari ishirini. Mimi bado hufanya hivyo.

Kaseti zangu zote zimekufa. Hakuna hata moja inayosomeka. Kadi ninazo kama thelathini, na zote zinasomeka. Moja ina matundu 18, kuanzia safu ya 7, na juu yake imechapwa REAL JUMLA.