Mamajusi Walikuwa Wangapi? Namna ya Kuendesha Chemsha Bongo ya Krismasi Ukoo Usigombane

Mara ya kwanza nilipoendesha chemsha bongo nyumbani kwetu Kibosho, ilidumu dakika kumi na mbili. Nilikuwa nimeandaa maswali arobaini. La kwanza lilimuulizia yule paa wa Baba Krismasi mwenye pua nyekundu. Wajukuu wawili wanaosoma shule za Kiingereza wakapiga kelele, "Rudolph!" Ukoo uliobaki, watu kama thelathini kwenye mabenchi pembeni ya migomba, ukanyamaza kimya. Bibi akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyo mnyama analiwa?" Swali la pili lilihusu jani ambalo Wazungu hubusiana chini yake. Hapo baba mkubwa akainuka, akasema anakwenda kuangalia nyama, na nusu ya mkutano ikamfuata.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimekopi maswali intaneti usiku ule ule wa safari, ndani ya basi, huku nasinzia. Yalitungwa na watu wa kwenye baridi kwa ajili ya watu wa kwenye baridi. Tangu siku hiyo nimeendesha Desemba sita, na kwa kuwa kila mwaka kuna rafiki anayeniomba maswali "ya kwenda nayo nyumbani", nimeona bora niandike yale niliyojifunza, mengine kwa aibu.

La kwanza: swali zuri si swali gumu. Swali gumu linampa raha mmoja na kuwachosha wengine wote. Tafuta swali ambalo kila mtu ana uhakika na jibu lake, halafu jibu lenyewe si hilo. Mfano wangu wa kudumu ni mamajusi. Nilipouliza walikuwa wangapi, mjomba wangu, ambaye ni katekista, hakunisubiri nimalize. "Watatu! Na majina nakupa: Gaspari, Melkiori na Baltazari." Watu wakapiga makofi. Nikasema hapana.

Ungeona macho. Bibi akaagiza Biblia iletwe, na kwa kuwa miwani yake ilikuwa imekaliwa na mtu asubuhi hiyo, akampa mjukuu wa darasa la tano asome Mathayo sura ya pili. Mtoto akasoma polepole, kidole kwenye mstari. Mamajusi kutoka mashariki. Nyota. Herode. Dhahabu, uvumba, manemane. "Haya hesabu," bibi akasema. Mtoto akarudi juu, akashuka tena. "Bibi, zawadi ndizo tatu. Wao hawajahesabiwa." Na mbaya zaidi kwa mjomba, sura hiyo inasema waliingia nyumbani, wala haitaji zizi popote, wakati mjomba ndiye aliyekuwa ametengeneza pango la kigangoni na kuwapanga watatu wote pembeni ya ng'ombe. Akajitetea kwa mapokeo ya Kanisa, na kwa haki kabisa, maana majina yale yanatoka huko. Ubishi ulichukua nusu saa na mbuzi akaungua upande mmoja.

Hapo nilikosea tena: ili kumpoza mjomba nikampa nusu alama. Usifanye hivyo kamwe. Ukishatoa nusu alama moja, kila mtu ataidai yake hadi saa mbili usiku. Mwamuzi awe mmoja, na ushahidi aje nao kwenye karatasi. Usitegemee simu. Simu zenyewe zikusanye mapema. Sisi tunaziweka kwenye ungo na kuufunika kwa kitenge, tangu mwaka ambao binamu yangu mmoja alikuwa akienda chooni kila baada ya swali moja na kurudi na jibu lenye tarehe.

Timu zichanganye umri. Mume na mke usiwaweke pamoja. Sababu utaziona mwenyewe.

Sasa muziki. Kwetu Desemba haianzi kwa kalenda, inaanza siku ya kwanza unapomsikia Boney M. kwenye spika ya duka la nguo. Nikadhani swali la Boney M. ni la kuwapa wazee alama za bure. Baba mdogo wangu, enzi zake za suruali za bugaluu, alikuwa akimuiga Bobby Farrell, yule mwanamume pekee wa kundi, hadi watu wanatoka vijiji vingine kuja kumtazama. Nikauliza: sauti nzito ya kiume kwenye rekodi zao ni ya nani? Baba mdogo akasimama kabisa, akavuta suruali juu. "Bobby Farrell."

Ni ya Frank Farian, mtayarishaji wao, Mjerumani, aliyeliunda kundi na kuimba mwenyewe studio. Farrell, mzaliwa wa Aruba, alikuwa wa jukwaani. Nikasoma yote hayo kwenye karatasi yangu huku baba mdogo akinitazama kama mtu aliyeambiwa shamba lake lilipimwa vibaya. "Kwa hiyo miaka yote hiyo," akasema, "nimekuwa namuiga mtu ambaye naye anamuiga mtu?" Kicheko kilichofuata ndicho kilichoiokoa chemsha bongo yetu, tangu hapo hakuna aliyekwenda kuangalia nyama. Naye akaomba wimbo wa Maria na mwanawe, ule walioutoa mwaka 1978 na ambao Harry Belafonte aliuimba tangu 1956, akacheza mwanzo mpaka mwisho kuonyesha kwamba miguu haihitaji kibali cha Mjerumani.

Utamaduni wa Wazungu usiufukuze, basi. Ulete, ila uupitishe getini kwako kwanza. Ninaoupenda kuliko yote ni ule wimbo wa hisani wa mwaka 1984, wa kina Bob Geldof na Midge Ure, uliotungwa kuchangia wenye njaa Ethiopia. Nia njema, fedha zilipatikana, sibishi. Lakini unauliza kama watu wa huku wanajua kuwa ni Krismasi, na unasema Afrika hakutakuwa na theluji. Nilipoutafsiri mbele ya ukoo, hakuna aliyesema neno. Watu waligeuza shingo tu kuelekea kaskazini, ambako jioni hiyo wingu lilikuwa limepanda na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imekaa wazi, nyeupe, kama imeitwa kutoa ushahidi.

Swali likazaa jingine. Mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliiona theluji hiyo mwaka 1848 na kuandika kwao. Wataalamu wa jiografia wa Ulaya wakambishia, wakiona haiwezekani barafu karibu na ikweta. Na Waethiopia? Wakristo tangu karne ya nne, tena Krismasi yao ni Januari 7, kwa hiyo Desemba 25 wangeulizwa wangejibu kwa haki kabisa kwamba bado. Hapo hapo nikapachika la mlima wenyewe: nani aliupandisha Mwenge wa Uhuru kileleni Desemba 1961? Vijana wote, Nyerere. Baba mkubwa, aliyesusa mwaka wa paa, akajibu kwa sauti ya mtu anayetaja jina la jirani: "Luteni Alexander Nyirenda." Alama tatu kwa mpigo.

Maswali mafupi yaweke katikati, watu wapumue. "Jingle Bells" ilichapishwa 1857 na haitaji Krismasi hata mara moja. Mwaka 1965 wanaanga wa Gemini 6 waliipiga wakiwa angani kwa kinanda cha mdomo na kengele. Mtakatifu Nikolasi, anayezeeka kwenye matangazo akiwa amevaa manyoya, alikuwa askofu wa Myra, ambayo leo iko Uturuki. Na Boxing Day: binamu wa chooni alijibu kuwa ni siku ya mabondia, na kusema kweli ukitazama mabango ya mapambano ya ngumi Dar es Salaam kila Desemba 26 huwezi kumlaumu. Ni boksi za zawadi ambazo Waingereza waliwapa watumishi wao siku inayofuata Krismasi. Ndiyo maana watangazaji wa redio wa zamani waliiita siku ya kufungua zawadi.

Usisahau wakwe. Shemeji yetu wa Tanga, Mwislamu, alikaa miaka miwili akitabasamu tu kwa adabu. Wa tatu nikamwomba aje na swali lake. Akauliza: ni mwaka gani ujao ambao Ramadhani itaingia mara mbili? Tukamcheka. Akaeleza kwamba mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, hivyo mwaka 2030 mfungo utaingia Januari na kurudi tena mwishoni mwa Desemba. Shangazi akaanza kupiga hesabu ya pilau papo hapo. Siku hizi swali la shemeji ndilo linalosubiriwa.

Zawadi ziwe za kutumika: kilo mbili za sukari, mche wa sabuni, kanga. Mwaka niliotoa kikombe cha fedha bandia kilikutwa bandani, kuku anakinywea maji.

Na mwisho mwachie mkubwa wa nyumba aulize moja, bila kulikagua. Mwaka jana, baada ya lile la boksi, bibi alinyoosha mkono kama mwanafunzi. "Krismasi yangu ya kwanza ndani ya boma hili, babu yenu alirudi kutoka Moshi mjini na nini?" Tukakisia kitenge, viatu, taa ya chemli, mbuzi. Mjomba, akiwa amejifunza, alikataa kujibu bila andiko.

"Kofia," bibi akasema. "Yake. Mimi akanipa boksi lililokuja na kofia."

Akaingia ndani, akatoka nalo. Lina vifungo na nyuzi za kushonea. Sukari tukampa yeye.