Maswali yenu: Riwaya imetoka kiwandani, kurasa zinachomoka

SWALI: Nimejichapishia riwaya, nakala 500. Ukiifungua katikati kurasa zinachomoka. Jina langu lililokuwa mgongoni limehamia mbele ya jalada, na mwishoni kuna kurasa nyeupe ambazo sikuziomba. Mchapaji anasema ni kawaida. Kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hizo nyeupe, ndiyo. Mengine hapana.

Mashine kubwa huchapa karatasi pana, ikikunjwa inatoa kurasa 16. Tuseme andiko lako lina kurasa 245: mikunjo 15 inaishia 240, hivyo unalazimika kwenda 256, na 11 zinabaki tupu. Ungebana mistari kidogo tu ukapunguza kurasa 5, ungeokoa mkunjo mzima kwa kila nakala.

Jina limehama kwa sababu ya unene. Karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina unene wa kama milimita 0.1. Kurasa 256 ni karatasi 128, maana yake mgongo wa milimita 13 hivi. Wasanifu wengine huhesabu kurasa badala ya karatasi, wanapata 26, na herufi zilizopangwa humo lazima zimwagikie mbele. Jalada lisikamilishwe kabla mchapaji hajakutajia karatasi atakayotumia.

Kuchomoka ndilo kosa kubwa. Mgongo hukwaruzwa kwanza ili gundi ya moto ipenye kwenye nyuzi za karatasi. Usipokwaruzwa, au gundi ikiwa haijapata moto wa kutosha, inashika juujuu. Halafu nyuzi zenyewe zinatakiwa ziende sambamba na mgongo. Zikikatiza, kitabu kinakaza, hakilali, na kila ukifungua kurasa zinaivuta gundi. Chana ukurasa kutoka juu kwenda chini: ukichanika mnyoofu, nyuzi ziko sawa, ukienda kombo, zimekatiza.

Mrudishie. Anaweza kukata milimita 3 za mgongo na kubandika upya kwa jalada jipya, mradi ukingo wa ndani uliachwa mpana, milimita 20 hivi. Safari ijayo usimalizie malipo kabla hujashika nakala moja iliyobandikwa kabisa na kuivuta kurasa. Faili kwenye simu haionyeshi gundi.

SWALI: Duka la vitabu linataka asilimia 35 ya bei, tena kwa mali kauli, yaani linilipe nakala zikishauzwa. Nikubali?
Mwandishi, Morogoro

JIBU: Piga hesabu kwanza. Tuseme kuchapa nakala ni shilingi 6,000 na unauza 15,000. Duka likichukua 5,250 unabaki na 9,750. Toa ya kuchapa, ni 3,750. Kama mhariri ulimlipa 600,000, faida ya nakala 160 za mwanzo ni ya kufidia pesa hiyo, na nauli ya maboksi hatujaigusa.

Mali kauli yenyewe haina ubaya. Ubaya ni kukabidhi bila karatasi. Andikeni idadi, bei, siku ya kuhesabu tena, na nani anabeba hasara ya nakala zilizochubuka pembe. Anza na 10, hata wakikuomba 100.